Je, Sungura Wako Ana Uzito Unaofaa? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya sungura anayefugwa nyumbani ili aishi, si wa kuuzwa nyama. Tunalitaja hilo mwanzoni kwa sababu ushauri mwingi wa sungura unaopatikana kwetu umeandikwa kwa mfugaji anayetaka mnyama afikishe kilo mbili na ushei haraka, achinjwe akiwa na miezi michache. Sungura huyo hapati muda wa kuumwa na unene. Wa kwako anaweza kuishi miaka 8 hadi 12, na mafuta yasiyomsumbua sungura wa miezi minne humtesa sana wa miaka minne.

Sungura mzima anatakiwa awe na kilo ngapi?

Inategemea aina. Netherland Dwarf, wale wadogo wenye uso wa mviringo, huwa na kilo moja hivi. Dutch, mwenye mkanda mweupe mabegani, huwa kati ya kilo 2 na 2.5. California White huanzia kilo 3.5 na kukaribia 5. New Zealand White huwa kilo 4 hadi 5.5, na Flemish Giant huvuka kilo 6 bila kuwa mnene hata kidogo.

Tatizo ni kwamba sungura wengi wanaouzwa sokoni au kutolewa na jirani ni machotara. Mweupe mwenye macho mekundu huitwa New Zealand hata kama babu yake alikuwa Dutch. Ukimlisha hadi afike uzito wa kitabu cha New Zealand, utakuwa umemnenepesha mnyama ambaye mifupa yake iliumbiwa kilo 3. Ndiyo maana tunaanza na mikono, mizani inafuata. Mikono inakuambia uzito wake unaofaa ni upi, mizani inakuambia kama ametoka hapo.

Nimpapase wapi, na nitarajie kuhisi nini?

Mweke sakafuni au mezani juu ya mkeka au taulo, mahali ambapo miguu haitelezi. Usimnyanyue kwa masikio. Akinyanyuliwa, mkono mmoja uwe chini ya kifua na mwingine ushike makalio, kwa sababu akirusha teke nyuma yake ikining'inia anaweza kuvunjika uti wa mgongo. Mwache atulie dakika chache, kisha fuata mpangilio huu.

Anza na uti wa mgongo. Pitisha kidole gumba na cha shahada pande zote mbili za uti, kutoka mabegani hadi kiunoni, bila kukandamiza. Unatafuta vitu viwili: ncha za mifupa, na nyama iliyo pembeni yake. Kwa sungura mwenye afya utazihisi ncha moja moja, lakini zitakuwa za mviringo, na pembeni kuna nyama iliyojaa. Zikichoma kidole na pembeni pakawa na bonde, amekonda. Ukilazimika kubonyeza ndipo uzipate, amenenepa.

Nenda mbavuni. Weka viganja pande zote za kifua, nyuma tu ya miguu ya mbele, na uvisogeze mbele na nyuma polepole. Mbavu zihesabike kwa vidole lakini zisionekane kwa macho.

Kisha nyonga na makalio. Tazama kutoka nyuma. Makalio ya uzito mzuri ni bapa au yamejaa kidogo. Yakiingia ndani na mifupa ya nyonga ikachongoka, amekonda. Yakiwa mviringo kabisa na nyonga haishikiki, amezidi.

Malizia kwa kumtazama kutoka juu akiwa amekaa kawaida. Mwili wake unatakiwa uwe mwembamba mbele na mpana nyuma, na mstari usiokatika. Ukiona mafuta yametuna mabegani, kwapani au kati ya miguu ya nyuma, huyo si mnene wa juzi.

Kama hujawahi kumshika sungura mwenye uzito mzuri, tumia mkono wako kujifunza. Kunja ngumi na upapase vifundo vyake: mgongo na mbavu zikiwa hivyo, amekonda. Kunjua mkono, upapase mifupa ya nyuma ya kiganja karibu na vidole: hivyo ndivyo inavyotakiwa. Papasa nyama iliyo chini ya kidole gumba upande wa kiganja: mbavu zikijificha hivyo, amenenepa.

Daktari aliandika "hali ya mwili 4 kwa 5". Ni nini?

Ni kipimo hicho hicho cha mikono kilichopewa namba. 1 ni mifupa mitupu, 2 ni mwembamba, 3 ndiyo inayotakiwa, 4 amezidi, 5 ni mnene kupindukia. Wengi huandika pia nusu, kama 3.5. Iandike kwenye daftari pamoja na kilo, maana namba mbili zikikaa pamoja husema mengi. Sungura mwenye kilo 2.6 na hali ya 3, ambaye miezi sita baadaye ana kilo 2.6 zile zile na hali ya 4, amepoteza misuli na kujaza mafuta. Mizani peke yake isingekuonyesha.

Manyoya yake ni mengi mno. Nitajuaje?

Usiyaamini macho yako. Angora, aina yenye manyoya marefu, akiwa na afya huonekana kama mto, na Angora aliyekonda vilevile huonekana kama mto. Pitisha vidole chini ya manyoya hadi viguse ngozi, ndipo upapase. Wakati anapukutisha manyoya papasa mara mbili kwa wiki, kwa kuwa kipindi hicho wengine hula kidogo na manyoya huficha hasara.

Jike wangu ana mkunjo mkubwa wa ngozi chini ya kidevu. Ni unene?

Si lazima. Jike aliyekomaa huota mkunjo huo kiasili, na ndiko anakong'oa manyoya ya kutandikia kiota akikaribia kuzaa. Kilicho na maana ni mambo mawili: je, mkunjo umekua pamoja na mafuta mahali pengine? Na je, unamzuia kujilamba au unalowa kila anapokunywa maji? Ngozi inayolowa kila siku hutoka vidonda. Dume akiwa na mkunjo mkubwa, mara nyingi ni mafuta, ingawa kwa aina kubwa kama Flemish Giant na French Lop si ajabu dume kuwa nao kidogo.

Nitumie mizani gani?

Ya jikoni, ya kidijitali, inayobeba kilo 5 au 10 na kusoma gramu moja moja au tano tano. Weka juu yake beseni au katoni lenye kitambaa chini, bonyeza isome sifuri, kisha mweke sungura ndani. Akihangaika, weka jani moja la sukuma wiki humo na usome namba wakati anatafuna.

Watu wengi hujipima kwenye mizani ya bafuni wakiwa na sungura mikononi, kisha wanatoa uzito wao. Kwa Flemish Giant wa kilo 6 inatosha kukupa picha. Kwa sungura wa kilo moja na nusu haifai. Mizani hiyo husoma gramu 100 kwa 100, na ukipima mara mbili kosa linaweza kuongezeka hadi karibu gramu 200, ambazo kwake ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mwili. Mizani ya kuning'iniza ya sokoni pia inafaa ukiwa na kikapu imara chenye mfuniko, mradi kikapu kipimwe kwanza peke yake.

Pima saa ile ile, afadhali asubuhi kabla ya peleti (chakula cha dukani cha punje zilizoshindiliwa). Tumbo la sungura halikai tupu, kwa hiyo tofauti ya gramu chache kati ya asubuhi na jioni ni ya kawaida.

Mara ngapi, na tofauti gani inatisha?

Mtoto aliyeachishwa kunyonya, kila wiki. Mzima, kila wiki mbili au mara moja kwa mwezi. Mgonjwa, mzee au aliye kwenye mpango wa kupunguza uzito, kila wiki.

Hesabu kwa asilimia, si kwa gramu. Gramu 100 kwa New Zealand wa kilo 4.5 ni asilimia 2, jambo dogo. Gramu hizo hizo kwa Netherland Dwarf wa kilo 1.1 ni asilimia 9. Mstari wetu mwekundu ni asilimia 10: wa kilo 2.4 akishuka hadi 2.16 bila wewe kukusudia, apelekwe kwa daktari wa mifugo hata kama anaonekana mchangamfu. Sungura ni mnyama anayewindwa, na maumbile yake ni kuficha udhaifu hadi asipoweza tena. Akishuka asilimia 5, anza kuchunguza meno, kinyesi na chakula siku hiyo hiyo.

Kwa mtoto kanuni ni kali zaidi. Wiki moja bila kuongezeka ni tatizo tayari.

Tumbo ni kubwa lakini mgongo ni kama msumeno. Ni mnene au amekonda?

Amekonda, na huenda ni mgonjwa. Hili ndilo kosa tunaloliona zaidi kwa sungura wadogo wa wiki 4 hadi 12. Mfugaji anaona tumbo limetuna, anadhani mtoto anashiba vizuri. Sababu ya kwanza ya kufikiria ni koksidia, vimelea vya utumbo na ini vinavyoenea kwa kinyesi, hasa sakafu ikiwa na unyevu na watoto wakibanana. Mtoto huvimba tumbo, manyoya husimama, wengine huharisha, wengine hawaharishi kabisa. Peleka kinyesi kipimwe. Dawa ipo na hufanya kazi ikiwahiwa, lakini bila kusafisha na kukausha banda kila siku vimelea hurudi.

Na onyo lihusulo dawa yoyote: usimpe sungura amoksilini, ampisilini au penisilini ya kunywa. Huua bakteria wazuri wa utumbo wake, wabaya wakashika nafasi, na sungura anaweza kufa kwa kuharisha siku chache baadaye. Kuku wako walipona kwa dawa fulani, sawa. Sungura si kuku.

Jike amenenepa ghafla. Nianze kumpunguzia chakula?

Kwanza hakikisha hana mimba. Akiwahi kukaa na dume, hata dakika chache, inawezekana. Mimba ya sungura ni siku 31 hivi, na mtu mwenye uzoefu huweza kuwahisi watoto tumboni kuanzia siku ya 10 hadi ya 14. Kumnyima chakula jike mwenye mimba ni hatari kwake na kwa watoto. Kama ana zaidi ya miaka mitatu, hajaondolewa kizazi na tumbo linakua huku mgongo unakonda, au unaona damu kwenye mkojo, nenda kwa daktari. Saratani ya kizazi ni ya kawaida kwa majike wakubwa ambao hawakuondolewa kizazi.

Mbona unene wa sungura mnauchukulia kwa uzito hivyo?

Kwa sababu sungura hula sehemu ya kinyesi chake, kile laini chenye utando, ambacho hukichukua kwa mdomo moja kwa moja kutoka mkunduni. Ndicho kinachompa vitamini na protini. Sungura mnene hafiki. Kinyesi kinagandamana kwenye manyoya ya nyuma, kinanuka, nzi wanakuja. Katika joto letu mayai ya nzi huanguliwa chini ya siku moja, na funza huanza kula ngozi ya mnyama aliye hai. Anaweza kuwa mzima asubuhi na kuwa mahututi kesho yake. Ukiwa na sungura mnene, mgeuze na umtazame chini ya mkia asubuhi na jioni, bila kukosa.

Kisha kuna miguu. Nyayo za sungura hazina kitakia cha nyama kama za paka, ni manyoya tu juu ya ngozi. Uzito ukizidi, hasa kwenye sakafu ya waya, manyoya huisha, ngozi hupasuka, na kidonda huweza kufika mfupani. Kumpunguza bila kumwekea ubao au mkeka wa kukalia hakutaponyesha vidonda hivyo.

Nimnyime chakula siku mbili apungue?

Hapana. Kamwe. Utumbo wake lazima usukume chakula muda wote. Ukisimama hujaa gesi na maumivu, naye huacha kula kabisa. Mwili wa sungura mnene ukikosa chakula huyeyusha mafuta kwa kasi, yanalijaza ini, na ini hushindwa. Aliyenenepa ndiye anayekufa haraka zaidi kwa njaa. Sungura yeyote asiyekula wala kutoa kinyesi kwa saa 12 ni wa dharura, usisubiri Jumatatu.

Basi apungueje?

Nyasi haziguswi. Unachopunguza ni peleti, nafaka na utamu.

Tuchukue sungura wa kilo 3 ambaye mikono inasema alitakiwa awe na 2.5. Lengo ni asilimia 1 ya uzito kwa wiki, na isizidi 2. Kwa asilimia 1, yaani gramu 30, gramu 500 zitachukua wiki 17 hivi. Ndiyo, ni miezi minne. Hakuna njia fupi iliyo salama.

Peleti: kiwango cha juu kwa sungura mzima wa nyumbani ni gramu 25 kwa kila kilo ya uzito unaotakiwa, si uzito alionao. Hapo ni gramu 62. Maelekezo ya mfugo wa nyama huwa gramu 100 hadi 150 kwa siku, na wengi hufuata hayo. Kama anapata 120, punguza gramu 10 kila baada ya siku tatu au nne. Katika wiki tatu utafika 60. Ukiona baada ya wiki mbili uzito haujasogea, endelea kushuka taratibu hadi 30. Pima kwa mizani mara moja, kisha chora mstari kwenye kikombe. "Kikombe kimoja" cha nyumba hii si cha nyumba ile.

Soma pia mfuko. Peleti za kukuzia zina protini ya asilimia 16 hadi 18 na nyuzinyuzi chache. Kwa mzima tafuta nyuzinyuzi asilimia 18 au zaidi.

Acha kabisa mkate, chapati, ugali, mahindi, pumba na biskuti. Karoti na ndizi ni sukari. Wakati wa kupunguza uzito zisiwepo. Majani ya karoti yanafaa.

Na atembee. Sungura aliyefungiwa kwenye kibanda anachogeukia tu hatapungua kwa peleti pekee. Mtoe kwa muda wa saa tatu au nne kila siku mahali palipozungushiwa uzio, na zile peleti chache zitawanye kwenye nyasi azitafute badala ya kumrundikia bakulini.

Nyasi gani, nami ninaishi mjini?

Boma Rhodes iliyokaushwa ndiyo rahisi kupata Kenya na inafaa kila siku. Kila siku apate fungu lenye ukubwa wa mwili wake, na zaidi akimaliza. Nusa robota kabla ya kulipa: likinuka ukungu au likitoa vumbi jeusi, liache. Matete yanafaa yakikatwakatwa na kunyaushwa kivulini. Majani mabichi yaliyolundikwa yakapata joto usimpe, hata kama bado ni ya kijani. Alfalfa ina protini na kalsiamu nyingi, ni ya watoto wa chini ya miezi sita na wanaonyonyesha.

Mboga: majani ya viazi vitamu, kishona nguo, sukuma wiki kidogo, mchicha kidogo. Kabichi nyingi huleta gesi. Usimpe kisamvu kibichi, majani ya nyanya, majani ya viazi mviringo, wala chochote cha parachichi.

Anakula lakini anakonda. Kwa nini?

Tazama anavyokula, si kama anakula. Akikimbilia chakula, akachukua, akaangusha. Akichagua majani laini na kuacha nyasi. Kidevu kikiwa kimelowa mate: ni meno. Meno ya sungura hayaachi kukua, ya mbele huongezeka milimita 2 hadi 3 kwa wiki, na asipotafuna nyasi ya kutosha magego huota ncha zinazochana ulimi na shavu. Ya mbele utayaona ukifunua midomo. Magego hayaonekani bila kifaa, hivyo "nimemtazama meno ni mazima" haitoshi. Usikate meno kwa koleo. Hupasuka hadi mzizi.

Baada ya meno fikiria minyoo na koksidia, ukurutu wa masikio uliozidi (magamba mazito ndani ya sikio), figo kwa wazee, na mwenzake anayemfukuza bakulini.

Nina wawili, mmoja mnene na mmoja mwembamba.

Usiwatenganishe moja kwa moja, sungura huumia kwa upweke. Watenganishe dakika 20 wakati wa peleti tu. Nyasi ziwe mahali pawili, na maji pia.

Joto la pwani linaathiri uzito?

Sana. Hali ya hewa ikivuka nyuzi 30 sungura hula kidogo ili asizalishe joto, na mnene huumia kwanza. Mombasa, Tanga au Dar, weka nyasi na mboga jioni na alfajiri, maji baridi muda wote (hunywa mililita 50 hadi 100 kwa kila kilo kwa siku, na zaidi kukiwa na joto), na chupa ya maji yaliyoganda iliyofungwa kitambaa aiegemee. Kushuka kidogo miezi ya joto kali si ajabu, lakini kanuni ya asilimia 10 haibadiliki.

Nikimpeleka kwa daktari niende na nini?

Daftari la uzito, hata kama lina mistari mitatu tu. Picha ya mfuko wa peleti upande wenye viwango, na kiasi unachompa kwa gramu. Kinyesi cha siku hiyo kwenye mfuko safi. Video fupi ya sungura akila. Nyasi kidogo njiani ili asikae bila kula, na mwenzake kama wanaishi wawili.